Walther PP: Bastola Iliyoundwa kwa Ajili ya Polisi

Utawala wa Wajerumani nchini Burundi ulikoma mwaka 1916, Wabelgiji walipoingia. Bastola tunayoieleza hapa haikuja nao, kwani ilizaliwa miaka 13 baadaye. Hata hivyo, yapo mambo ndani yake yanayomhusu kila mkazi wa Minago na pwani yote ya Tanganyika.

Mwaka 1929 kiwanda cha Carl Walther, katika mji wa Zella-Mehlis, kilitoa bastola iliyoitwa PP, yaani Polizeipistole, “bastola ya polisi”. Urefu wake ni takriban sentimita 17, na iliyoenea zaidi hutumia risasi za milimita 7.65, nane katika magazini. Mwaka 1931 ilifuatwa na PPK, iliyo fupi zaidi, iliyowafaa wapelelezi wasiovaa sare.

Kabla ya hapo, askari mwenye bastola ya magazini alikuwa na njia mbili. Ama aibebe chemba ikiwa tupu, achelewe hatari inapomfikia. Ama aibebe nyundo ikiwa imevutwa, akitegemea kishikizo cha usalama peke yake. Walther waliondoa mashaka hayo. Katika PP, risasi hukaa ndani ya chemba huku nyundo imelala. Mvuto wa kwanza wa triga ni mrefu na mzito: huinua nyundo na kuiachia. Mivuto inayofuata ni myepesi. Kishikizo cha usalama nacho hulaza nyundo bila kufyatua risasi, na kijipini kidogo hutokeza juu ya nyundo kuonyesha kwamba chemba ina risasi.

Katika miaka ya 1970 polisi wa Ujerumani Magharibi walianza kuiacha, wakachukua bastola za milimita 9 zenye nguvu zaidi. Lakini mvuto mzito wa kwanza ulibaki katika bastola nyingi zilizofuata.

Ndugu wananchi, funzo ni hili: nyundo iliyolala si ushahidi kwamba silaha ni tupu. Wala kutoa magazini hakuondoi risasi iliyokwisha kuingia katika chemba. Kijipini kile alikiweka fundi kwa ajili ya aliyefunzwa kukisoma. Mtoto anayeokota bastola shambani au ufukweni hakijui, na mvuvi anayeikuta mtumbwini huenda asikione.

Kwa hiyo, ukiona silaha usiiguse, usiijaribu, wala usiifiche. Waweke watoto mbali, kumbuka mahali ulipoiona, kisha mwarifu kiongozi wa kolini au kituo cha polisi kilicho karibu. Sheria ya Agosti 2009 kuhusu silaha ndogo na nyepesi haimruhusu raia kumiliki silaha bila idhini. Na anayetoa taarifa mapema huokoa maisha, pengine ya mwanawe mwenyewe.