Amana ya Chupa na Insafu ya Marejesho

Tarehe 1 Februari, 2024, Jamhuri ya Ireland ilianza kuitumia kanuni ambayo katika maneno ni nyepesi, lakini katika matendo imeingia kila nyumba: kila anunuaye kinywaji kilichotiwa katika chupa ya plastiki au katika kopo hulipa, juu ya bei ya kinywaji chenyewe, fedha kidogo isiyokuwa bei wala ushuru, bali amana, ambayo hurejeshewa siku arudishapo chombo kitupu. Chombo chenye ujazo wa mililita 150 hadi 500 amana yake ni senti 15 za Euro. Kinachozidi hapo, hadi lita 3, amana yake ni senti 25. Chupa za kioo hazimo, wala vyombo vya maziwa havimo. Kanuni fupi kama hii yamkini ilitarajiwa kupita kimya. Walakini miezi yake ya kwanza ilijaa manung'uniko ya wanunuzi, na nia yangu katika makala haya ni kuzieleza sababu za manung'uniko hayo, maana naamini kwamba mna elimu kubwa zaidi ndani ya lawama za raia kuliko ndani ya sifa za wenye kuutetea mpango.

Tuanze na asili ya jambo. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria juu ya vitu vya plastiki vitumiwavyo mara moja vikatupwa, ukazitaka nchi zake zikusanye, mbali na taka nyingine, asilimia 77 ya chupa za plastiki za vinywaji ifikapo mwaka 2025, na asilimia 90 ifikapo mwaka 2029. Kiwango hicho cha pili hakifikiwi kwa mawaidha matupu. Chupa iliyokwisha kunywewa haina thamani mkononi mwa aliyeinywa, na kitu kisicho na thamani huachwa popote mkono ulipochoka kukishika; amana ndiyo hukitia thamani. Msomaji wa Mombasa au wa Tanga hana haja ya kufundishwa hekima hii, kwa kuwa anajua tangu utotoni kwamba aendaye dukani kununua soda ya chupa ya kioo bila ya kuchukua chupa tupu, ama ataambiwa anywe papo hapo, ama ataacha fedha ya chupa. Tofauti ni mbili: chupa yetu ya kioo hurudi kiwandani ikaoshwa na kutiwa kinywaji tena, ilhali ile ya plastiki husagwa ikayeyushwa, na kwetu mwenye duka huitambua chupa kwa macho yake, ilhali huko Ireland kazi hiyo, katika maduka makubwa, imekabidhiwa mashine.

Mashine yenyewe ni kabati kubwa lenye tundu la duara. Mteja hutia vyombo vyake kimoja baada ya kimoja, na ndani yake chombo huzungushwa polepole mpaka jicho la mashine liione mistari myeusi ya utambulisho iliyochapwa ubavuni. Ikiridhika, hukipokea chombo, hukiponda, na kukiandika katika hesabu. Isiporidhika, hukisukuma nje kama kilivyoingia. Mwisho wa kazi hutoa kipande cha karatasi chenye kiasi cha fedha, na karatasi hiyo hufaa katika duka lile lile tu, ama kupunguziwa bei ya vitu vilivyonunuliwa, ama kupewa fedha taslimu. Sharti kuu ni kwamba chombo kiwe kitupu na kisipondwe. Sharti hili si la ubishi: chombo kilichopondwa hakisomeki, na kama vyombo visivyosomeka vingepokewa, kopo moja lingeweza kulipiwa mara mbili, na makopo yaliyonunuliwa ng'ambo ya mpaka, Ireland ya Kaskazini, ambako hakuna amana ya namna hii, yangeletwa kudai fedha ambayo haikuwekwa na mtu.

Lalamiko la kwanza lilitoka kwa watu wema. Kwa miaka mingi nyumba za Ireland zimekuwa na pipa la taka zinazofaa kutumika tena, linalochukuliwa na kampuni ambazo wenye nyumba huzilipa, na raia mtiifu alizoea kuiponda chupa ili pipa lisijae upesi. Sasa mkono ule ule ukaambiwa usiponde, chupa zikarundikwa katika mifuko jikoni, na safari ya kwenda dukani ikawa ni safari ya kubeba hewa. Raia huyu hakuuchukia usafi. Aliuliza kwa nini utiifu wake wa zamani haukutiwa katika mizani. Jawabu lipo, nalo ni la haki: pipa la nyumbani halizipati chupa zinazonywewa barabarani, ufukweni na viwanjani, na plastiki ikusanywayo peke yake hubaki safi hata ikafaa kufanywa chupa nyingine ya kinywaji, jambo ambalo ni gumu kwa ile iliyochanganyika na masalia ya kila namna. Lakini jawabu la haki halimwondolei mtu taklifu iliyokwisha kumkalia, na mwenye kusimamia mpango akidhani kwamba kueleza kunatosha, huwa amesahau kwamba aliyemweleza bado amesimama na mfuko mkononi.

Lalamiko la pili lilikuwa juu ya mashine. Mara hujaa, mara huharibika, mara mstari wa watu huwa mrefu. Na hadi mwisho wa Mei, 2024, rafu za maduka zilichanganya bidhaa mpya zenye alama ya mpango na bidhaa za zamani zisizokuwa nayo, hata mtu akaja na mfuko mmoja, nusu yake ikapokewa na nusu yake ikakataliwa, akarudi nyumbani akiamini amedhulumiwa, kumbe kwa ile nusu iliyokataliwa hakuwahi kulipa amana. Hasara ya fedha haikuwapo, lakini hasara ya imani ilikuwapo, nayo ni nzito zaidi.

Lalamiko la tatu ndilo lililo karibu zaidi na moyo wangu, kwa kuwa ni la wanyonge. Maduka madogo, yenye nafasi isiyozidi mita za mraba 250, yaliruhusiwa kuomba kusamehewa wajibu wa kupokea vyombo, na ruhusa hiyo ina sababu yake, maana duka la kijijini halina mahali pa kuweka kabati kubwa wala mifuko ya makopo. Walakini aliye mzee, asiye na gari, mwenye ulemavu, au mgonjwa ambaye vitu vyake huletwa mlangoni, huilipa amana sawasawa na kijana mwenye afya, na hawezi kuipata kwa wepesi ule ule. Tutazame hesabu kwa karibu: katoni ya chupa 24 ndogo za maji huongezewa amana ya Euro 3 na senti 60. Kwa mwenye nacho hiyo ni fedha iliyolala kwa juma moja. Kwa mwenye kuhesabu senti ni fedha iliyotoka katika chakula cha leo, na kama hana njia ya kuifikia mashine, ni fedha iliyopotea.

Hapa ndipo linapozuka swali la fedha zisizorudiwa. Mpango huu unasimamiwa na kampuni iitwayo Re-turn, iliyoundwa na watengenezaji wa vinywaji pamoja na wenye maduka, isiyofanya kazi kwa ajili ya faida. Gharama zake hulipwa kwa michango ya watengenezaji, kwa mauzo ya plastiki na aluminiamu iliyokusanywa, na kwa amana ambazo wenyewe hawakuzirudia. Utaratibu wa namna hii si mgeni duniani, wala si wizi. Lakini raia haoni mizania ya kampuni. Anaona kwamba anaposhindwa kurudisha chupa, mwenye mpango hupata, na anaposhukiwa uvivu ilhali kilichomzuia ni mashine mbovu, ghadhabu yake ni ya halali. Nasema kwa uwazi: amana isiyorudishika ni ushuru, na ushuru uangukao juu ya wasioweza kusafiri ni ushuru usio na insafu.

Si kweli kwamba watu wa Ireland ni wakaidi katika mambo ya mazingira. Machi 2002 serikali yao ilitoza senti 15 kwa kila mfuko wa plastiki wa dukani, na kwa muda mfupi matumizi ya mifuko hiyo yakashuka kwa zaidi ya asilimia 90, na raia wakaipokea kanuni ile kwa fahari. Tofauti ya mambo haya mawili yafaa ifikiriwe vema. Mwaka 2002 njia ya kuokoka na tozo ilikuwa mikononi mwa raia mwenyewe, maana alichotakiwa ni kuchukua kikapu chake. Mwaka 2024 njia ya kuokoka haimo mikononi mwake peke yake, bali imegawanywa kati yake na kabati lililosimama mlangoni mwa duka. Mtu huvumilia sheria kali ambayo utii wake unamtosha, lakini huona uchungu juu ya sheria nyepesi ambayo utii wake unategemea kitu asichokimiliki.

Historia ya nchi nyingine yathibitisha hoja hii. Ujerumani iliweka amana juu ya vyombo vya vinywaji vya kutumiwa mara moja tangu tarehe 1 Januari, 2003, na miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya vurugu, kwa sababu baadhi ya maduka yalipokea vyombo vya namna yao tu na kuvikataa vya wengine. Tarehe 1 Mei, 2006, mwanya huo ulizibwa, kila duka likalazimika kupokea vyombo vya aina ya vitu liviuzavyo bila kujali vilinunuliwa wapi, na leo amana ni sehemu ya maisha ya Mjerumani. Katika jimbo la Oregon, Marekani, sheria ya mwaka 1971 iliweka senti 5. Kadiri miaka ilivyopita fedha ile ilipungua nguvu na marejesho yakadhoofika, hata mwaka 2017 ikapandishwa kuwa senti 10, kwa mujibu wa sharti lililowekwa mapema kwamba marejesho yakishuka chini ya asilimia 80 kwa miaka miwili mfululizo, amana ipande. Uskoti nayo ilijiandaa kutoza peni 20, lakini mwaka 2023, baada ya serikali ya Uingereza kutaka chupa za kioo zitolewe, mpango uliahirishwa, na kampuni iliyoundwa kuuendesha ikaanguka kabla ya kopo moja kurudishwa chini yake. Ujerumani ilisalimika kwa kuwarahisishia watu marejesho. Oregon kwa kuilinda thamani ya fedha. Uskoti ilikwama kwa sababu wakubwa hawakukubaliana kwanza wao kwa wao.

Ireland nayo haikusimama mahali pamoja. Watu walizoea, na mamia ya mamilioni ya vyombo yakarudishwa. Chama cha wafanyabiashara kiitwacho IBAL, ambacho kwa miaka mingi hukagua usafi wa miji ya nchi hiyo, kiliripoti kwamba makopo na chupa zitupwazo ovyo zimepungua. Vilabu vya michezo na mashirika ya hisani yakaanza kukusanya vyombo ili amana zake ziwe sadaka. Katika mitaa ya Dublin wakatokea watu wachakurao mapipa kutafuta makopo, taka zikamwagika, na baraza la jiji likajaribu kuweka rafu kandokando ya mapipa ili mpita njia aache kopo lake juu kwa ajili ya mwenye haja nalo.

Jambo hili la mwisho latuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko yote. Kwetu waokotao chupa za plastiki na kuziuza kwa kilo ni halaiki, na wao ndio waliokwisha kuyafanya majiji yetu yasizame katika plastiki. Ikiwa siku moja mpango wa amana utaletwa kwa chupa za plastiki za Dar es Salaam au Nairobi, naomba waokotaji hawa wawe wa kwanza kuulizwa, wasije wakanyang'anywa riziki na kabati la umeme. Na wenye kutunga kanuni wajue kwamba kukusanya amana ni rahisi, maana hukatwa kaunta mara moja kwa wote. Kazi ni kuirudisha. Basi mpango usipimwe kwa wingi wa vyombo vilivyorudishwa na wenye magari, bali upimwe kwa mtu aliye mbali kabisa na mashine, aliye dhaifu kabisa na aliye na fedha kidogo kabisa, na uulizwe swali moja: je, yeye amepata chake? Akiwa amekipata, mpango umesimama juu ya haki, na usafi utafuata.