Dawa za Minyoo kwa Watoto wa Mbwa

Katika nchi za Mbeya na Iringa mbwa ndiye mlinzi wa zizi, wa shamba la mahindi na wa mlango wa nyumba. Lakini mlinzi huyo angali mchanga, adui yake wa kwanza si chui wala nyoka, bali ni minyoo iliyomo tumboni mwake. Na adui wa pili, jambo la kusikitisha, aweza kuwa dawa aliyopewa na bwana wake kwa nia njema. Basi leo tutaeleza jinsi ya kuchagua dawa itakayoua minyoo bila kumwua mbwa.

Kwanza tujue minyoo hutoka wapi. Watu wengi hudhani kwamba mtoto wa mbwa hupata minyoo akianza kula takataka. Sivyo. Mama yake huwa na viluwiluwi vya minyoo vilivyolala ndani ya nyama ya mwili wake. Akichukua mimba, viluwiluwi hivyo huamka, vikapita tumboni na kuwaingia watoto kabla hawajazaliwa. Vingine huja katika maziwa. Kwa hiyo mtoto wa majuma mawili tu, ambaye hata macho yake yamefumbuka juzi, aweza kuwa na minyoo mirefu tumboni. Tumbo lake huvimba kama ngoma, mbavu zikaonekana, na manyoya yakakosa mng'ao. Na akiwa na minyoo ya safura, ile inyonyayo damu, ufizi wake hugeuka mweupe, naye aweza kufa upesi.

Sasa tuje kwenye hatari ya dawa. Mfugaji mwenye chupa ya dawa ya ng'ombe nyumbani husema, "Nitampa tone moja tu, tone moja lina dhara gani?" Tufanye hesabu pamoja. Dawa ya sindano ya ng'ombe iitwayo ivermektini, ile ya asilimia 1, hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito wa ng'ombe. Mililita 1 ni kama matone 20. Basi tone moja latosha kilo mbili na nusu za ng'ombe. Mtoto wa mbwa mwenye nusu kilo akipewa tone hilo, amepewa mara 5 ya kipimo cha ng'ombe! Tena ubongo wa mtoto mchanga haujapata kinga kamili ya kuzuia dawa hiyo isiingie ndani yake. Ikiingia, mnyama hupepesuka, hutetemeka, hupofuka, kisha huzimia. Wala hapana dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo.

Kadhalika iko dawa ya kunywesha ng'ombe na mbuzi iitwayo levamisoli. Kwa mbwa, kipimo kiponyacho na kipimo kidhurucho vimekaribiana mno. Albendazoli nayo yaweza kudhuru uboho wa mifupa ya mbwa, mahali damu inapotengenezwa. Na mafuta ya taa, au maji ya tumbaku, si dawa hata kidogo, ni sumu.

Je, tuchague nini? Dawa ifaayo kuanzia ni piranteli ya maji, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa. Wema wake ni huu: sehemu kubwa ya dawa hubaki matumboni pamoja na minyoo, na kidogo tu huingia katika damu. Kipimo chake cha kawaida ni miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili. Dawa ya pili ni fenbendazoli, ambayo hutolewa miligramu 50 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, siku 3 mfululizo. Dawa ya tegu, yaani prazikwanteli, haifai kabla mtoto hajatimiza majuma manne. Majina haya huandikwa kwenye chupa kwa tahajia ya Kizungu, lakini ukiyasoma kwa sauti sikio lako litayatambua. Usinunue chupa isiyo na jina la dawa, nguvu yake na tarehe ya mwisho wa kutumika.

Hapana kipimo pasipo mizani. Mtie mtoto ndani ya kikapu, pima vyote viwili, kisha toa uzito wa kikapu. Pima kila mtoto peke yake, maana wa tumbo moja hawalingani uzito. Tikisa chupa vizuri. Vuta dawa kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano, ulitie pembeni mwa mdomo, umpe polepole. Usimwinue kichwa juu, isije dawa ikaenda mapafuni. Zamani mbwa alifungishwa njaa na kunyweshwa mafuta ya mbarika. Kwa dawa hizi mbili hakuna haja ya hayo.

Anza akiwa na majuma mawili, kisha rudia katika juma la 4, la 6 na la 8, halafu kila mwezi mpaka atimize miezi 6. Mama naye apewe dawa siku zile zile. Sababu ya kurudia ni kwamba dawa huua minyoo iliyofika matumboni, lakini mingine ingali njiani, katika ini na mapafu, nayo itashuka baadaye. Asiyerudia amefanya nusu ya kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini mtoto aliye dhaifu sana, asiyenyonya, au mwenye ufizi mweupe, usimpe dawa kwa kubahatisha. Mpeleke kwa bwana mifugo au daktari wa mifugo. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo Iringa, ambako kinyesi chaweza kutazamwa kwa darubini. Na mnyama akianza kutetemeka au kutokwa mate baada ya kupewa dawa, mkimbize kwa daktari pamoja na chupa yenyewe.

Mwisho, tusidhani kwamba jambo hili ni la mbwa peke yao. Mayai ya minyoo yao huweza kuishi miaka katika udongo wenye unyevu. Mtoto wa mtu achezaye uani akila na mikono michafu, viluwiluwi huweza kutembea mwilini mwake na hata kufika jichoni, akapoteza nuru ya jicho hilo. Mayai mapya huhitaji kama majuma mawili au zaidi kabla hayajaweza kuambukiza. Basi zoa kinyesi kila siku na ukifukie mbali na bustani na kisima, na watoto wanawe mikono kwa sabuni.

Kwa hiyo kumbukeni mambo matatu: dawa ya mbwa kwa mbwa, mizani kabla ya dawa, na kurudia kwa wakati wake.