Unauza Chenso Mtandaoni? Usiishie Kwenye Bei Tu



Mteja kaona posti yako, kauliza bei, kalipa, mzigo umepanda basi kwenda Njombe. Umemaliza kazi? Bado. Huenda huyo ndiyo mara yake ya kwanza kushika msumeno wa mnyororo, hii tunayoita chenso. Dukani angeonyeshwa jinsi ya kuiwasha. Kwako ameona picha tu. Kwa hiyo andika maelezo haya, weka ndani ya boksi, na mtumie WhatsApp pia.

MWAMBIE KABLA HAJAWASHA

1. Avae helmeti, miwani, kinga ya masikio, buti ngumu na suruali maalumu ya kuzuia mnyororo. Hivi navyo ni bidhaa, viuze pamoja na mashine.

2. Aiwashe ikiwa chini, breki ya mnyororo imefungwa, mguu umekanyaga mshikio wa nyuma. Asiiwashe inaning'inia mkononi.

3. Aishike kwa mikono miwili muda wote, dole gumba la kushoto likizunguka mshikio wa mbele.

4. Asiguse kitu kwa ncha ya lile bamba refu, hasa upande wa juu wa ncha. Hapo ndipo mashine huruka ghafla kumrudia usoni, na huwezi kukwepa.

5. Asikate kitu kilicho juu ya mabega yake, na asifanye kazi peke yake porini. Mafuta aongeze injini ikiwa imezimwa na kupoa.

AKIJIKATA JE?

Damu ikiruka au ikimwagika bila kukata, mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, bodaboda hata haijafika. Aliye karibu aanze hapo hapo:

1. Zima mashine. Mlaze chini. Mwingine apige simu na kutafuta usafiri.

2. Vaa glovu, au hata mfuko wa plastiki mkononi. Weka kitambaa safi, kanga au shati, ukandamize kidonda kwa nguvu zako zote. Kama ni shimo refu, kijaze kitambaa ndani halafu kandamiza. Kikilowa usikitoe, ongeza kingine juu.

3. Ni mkono au mguu na damu haikomi? Funga kitambaa kipana juu ya kidonda, kama sentimita 5 hadi 7 kuelekea mwilini, isiwe kwenye goti wala kiwiko. Pitisha kijiti, kizungushe mpaka damu ikome, kisha kifunge kisifunguke. Itamuuma sana, usilegeze. Andika saa uliyofunga, na atakayeifungua ni daktari. Usitumie waya wala kamba nyembamba.

4. Mfunike asipate baridi. Asile, asinywe.

5. Kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi, kiweke ndani ya mfuko, kisha mfuko huo juu ya barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja. Kiende naye hospitali.

Na tafadhali: hakuna kahawa, mafuta ya taa, tumbaku wala udongo kwenye kidonda. Vinaleta maambukizi na vinapoteza muda.

Karatasi moja ndani ya boksi gharama yake ni ndogo sana. Na mteja aliye mzima ndiye anayerudi kwako kununua mnyororo mpya.

Unamjua anayeuza chenso? Mtumie hii leo.