Chupa tano, dawa moja



Wiki iliyopita nilikuwa na wanachuo sita wa stashahada ya kilimo, wamekuja mafunzo kwa vitendo. Nikawauliza: usugu wa wadudu kwa dawa ni nini? Wote wakajibu safi kabisa, neno kwa neno kama lilivyo kwenye daftari. Tukaenda kwenye nyanya za mama mmoja aliyepiga dawa mara tano na viwavi wa kantangaze bado wanachimba majani. Kosa liko wapi? Kimya. Mmoja akasema dawa feki. Mwingine akasema aongeze dozi.

Aongeze dozi! Nikaogopa, maana mwakani huyo ndiye atakayekushauri wewe.

Sikurudia somo. Tukavaa glavu, nikaomba chupa zote tano, nikafunika majina ya biashara kwa karatasi na kuwaambia wasome maandishi madogo: kiambato amilifu. Tatu abamektini, mbili emamektini benzoeti. Vyote viwili viko kundi la 6, vinampiga mdudu sehemu ileile ya mfumo wa fahamu. Jezi zimebadilika, mchezaji ni yuleyule. Hapo nikaona macho yamefunguka.

Kisha nikampa binti mmoja kazi ya kumweleza mwenye shamba bila kutaja neno usugu. Akajikwaa mara mbili, ya tatu akasema: "Mama, umebadilisha chupa, dawa hujabadilisha. Wadudu wameizoea."

Karibu sana, ila "wameizoea" inapotosha. Mdudu mmoja mmoja hazoei. Dhaifu wanakufa, wachache wanaohimili wanabaki kuzaa wanaofanana nao, na jike mmoja hutaga hadi mayai 260. Akarekebisha: "Umeua dhaifu, umebakiza mbegu ngumu." Mama akauliza palepale: "Sasa nipige ipi?"

Kwenye joto, kizazi kimoja cha kantangaze huchukua takribani mwezi. Basi mwezi huu kundi moja, mwezi ujao kundi jingine, mfano la 28 lenye klorantraniliproli. Dozi ni ya lebo, na majani yaliyochimbwa yaondolewe shambani. Kama lebo haina namba ya kundi, nitumie picha ya kiambato.

Wanachuo wapo mpaka mwisho wa mwezi. Ukitaka waje wakusomee chupa zako, niambie, ila zisuuze mara tatu kwanza.