Kinachovimbisha Fueli ya Nyuklia

Chanzo cha uvimbe wa kudumu wa fueli ya nyuklia ni mpasuko wa atomi zake. Atomi moja ya urani ikipasuka, mahali pake huzaliwa atomi mbili, na hizo kwa pamoja huhitaji nafasi kubwa zaidi. Katika kila mipasuko 100 hutokea takribani atomi 25 hadi 30 za ksenoni na kriptoni. Gesi hizi haziungani na urani wala haziyeyuki ndani yake. Hukusanyika zikawa viputo, na viputo husukuma kila kilichovizunguka.

Umbo la ndani nalo hubadilika. Vipande vya mpasuko hung'oa maelfu ya atomi vinapopita. Fuwele ya urani ya metali hurefuka upande mmoja na kufupika upande mwingine, hata kabla gesi haijawa nyingi. Katika tembe za urani oksidi zilizotumika muda mrefu, punje za ukingoni zenye upana wa mikromita 10 hivi hugawanyika kuwa vipunje vya mikromita 0.3 au chini yake, vilivyojaa vitundu vya gesi.

Hata hivyo, dhana isiyokoma ni kwamba fueli huvimba kwa joto tu, hivyo ipoozwe zaidi au ibanwe kwa ala nene, yaani ganda la metali linaloifunika. Dhana hiyo ni potofu. Urani oksidi ikipashwa nyuzi 1,000 za Selsiasi hurefuka kwa takribani asilimia 1, na ikipoa hurudi. Fueli iliyovimba kwa mpasuko hukaa kwenye bwawa la maji miaka mingi, imepoa sana, na bado imevimba. Joto huharakisha mwendo wa gesi, lakini halitengenezi gesi hiyo. Anayeendelea kuuliza juu ya upoozaji pekee hajagusa chanzo.

Ala nene nayo si tiba. Hula nyutroni, na chuma chake chenyewe huweza kuvimba kwa mnururisho. Ushahidi kwamba kubana si tiba ulipatikana Idaho, Marekani, katika kinu cha EBR-II kilichofanya kazi tangu 1964 hadi 1994. Fueli zake za mwanzo zilijaza sehemu kubwa mno ya ala, na ilibidi ziondolewe baada ya asilimia chache tu ya atomi kupasuka. Wahandisi waliacha kushindana na uvimbe, wakauachia nafasi: fueli ikachukua takribani asilimia 75 ya eneo la ndani ya ala, na pengo likajazwa sodiamu iliyoyeyuka ili joto lipite. Fueli ilipovimba kwa takribani asilimia 30 ya ujazo, viputo viliungana, gesi ikapata njia ya kutoka hadi kwenye chumba kilichoachwa juu. Fueli iliyobaki ilikuwa na vitundu vingi, hivyo haikuikandamiza ala kwa nguvu kubwa. Aina hii ilivuka asilimia 10 ya atomi zilizopasuka bila ala kupasuka.

Njia zinazofaa ni hizi: kuacha pengo na chumba cha gesi, kuchonga mabonde kwenye ncha za tembe, kukuza punje ili gesi ichelewe kutoka, kuchanganya urani na zirkoni, kupandisha nguvu ya kinu polepole, na kuitoa fueli kabla haijapita kikomo chake. Fueli salama ni ile iliyoundwa ikitarajiwa kuvimba.