Oman: Posho ipo, mpishi hayupo

Ukimwambia mtu wa Unguja au Mombasa kwamba Oman kuna wanafunzi wa chuo wanaoingia darasani na njaa, atakucheka. Kwake yeye hiyo ni nchi ya mafuta, na mwenye jamaa huko hupelekewa tende na haluwa. Lakini wazee wenye watoto wanaosoma Ibra, Sur na Nizwa wanalijua jambo hili, khasa akina mama wanaojaza mabakuli ya wali kila Jumamosi jioni.

Vyuo vya sehemu hizo vimekua haraka. Chuo Kikuu cha Nizwa kilifunguliwa 2004, cha Sharqiyah kikaanzishwa Ibra 2009, na mwaka 2020 vyuo vya serikali viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi, chenye matawi katika miji yote mitatu. Ibra na Nizwa ziko yapata kilomita 150 kutoka Maskati, Sur ni mbali zaidi, na vijiji wanakotoka wanafunzi wengine viko majangwani na milimani. Kwenda na kurudi kila siku hakuwezekani. Wasichana aghlabu hupangiwa mabweni. Wavulana hukusanyika wanne au watano wakakodi nyumba, na hapo ndipo mambo yanapoanza, kwani kijana aliyelelewa jikoni mwa mama na bibi hajui hata kupima maji ya wali.

Tangu Mei 2013 mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Chakula cha nyumbani kinamfikisha Jumatatu, pengine Jumanne. Baada ya hapo ni mkahawa wa Mhindi: chapati iliyokunjwa na jibini na Chips Oman zilizopondwa ndani, na chai ya maziwa. Ni tamu, hatukatai. Lakini mtu akila hiyo asubuhi, akairudia usiku, na mchana akapita mtupu ili abakishe pesa ya petroli ya kurudi nyumbani, huyo ana njaa hata kama tumbo limejaa.

Serikali haikukaa kimya. Februari 2011, wakati wa maandamano ya Sohar, Sultan Qaboos aliamuru posho za wanafunzi ziongezwe. Kisha bei ya mafuta duniani ikaanguka, na Januari 2016 ruzuku ya petroli ikaondolewa. Tarehe 16 Aprili 2021 ikaja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 5. Vyakula vya lazima, kama mchele, nyama, samaki, mayai na mboga, havikutozwa, na hilo ni jambo jema. Ila tazameni linamfaa nani: anayenunua gunia la mchele na kuupika. Sahani ya wali uliopikwa katika mkahawa mkubwa inatozwa. Nafuu imewekwa sokoni, naye mwanafunzi hanunui sokoni.

Na haya humkuta mwaka gani? Mwaka wa kwanza, ule wa matayarisho, anapotakiwa afaulu Kiingereza, hisabati na kompyuta kabla ya kuruhusiwa kuanza shahada yenyewe. Ndiyo mara yake ya kwanza kulala nje ya kwao. Akisinzia darasani, mwalimu ataandika kuwa ni mvivu.

Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wanaume 36 waliojitolea walipunguziwa chakula kwa muda wa karibu miezi sita. Mwanafunzi wa Sur hajafika walikofikishwa wao, lakini matokeo yanafaa kusomwa. Walilalamika kuwa hawawezi kutuliza mawazo, wakawa wanafikiria chakula tu, hata kusoma vitabu vya mapishi. Vipimo vya akili, hata hivyo, havikuonyesha kuwa uwezo wao umeshuka. Akili ilikuwepo, ila imeshikwa na chakula.

Nyumbani Tanzania hadithi ni ndugu wa hii. Pesa ya chakula na malazi, ile wanayoiita bumu, ilipanda kutoka shilingi 5,000 kwa siku hadi 7,500 mwaka 2011, 8,500 mwaka 2015 na 10,000 mwaka 2022. Kila nyongeza iliikuta bei ya wali maharage imekwisha tangulia. Pesa mkononi ni nzuri, lakini hupungua thamani. Sahani ya chakula haipungui.

Kwa hiyo tunachokitaka si nyongeza nyingine peke yake. Tunataka chungu ndani ya chuo. Huko Michigan State wanafunzi walianzisha ghala lao la chakula mwaka 1993, lakini Nizwa haina haja ya kwenda kuiga Marekani. Kwa karne nyingi Waomani wameweka wakfu mitende na zamu za maji ya falaj kwa ajili ya futari za Ramadhani, na kwa ajili ya wanaotafuta elimu pia. Wizara ya Wakfu na Mambo ya Dini ipo. Wali na samaki saa saba mchana, kwa kila mwanafunzi bila kuulizwa baba yake anafanya kazi gani, maana ukianza kuuliza, mwenye njaa hatakuja. Ianze na wale wa mwaka wa matayarisho, Septemba muhula unapofunguliwa.