Unasafiri na mashine ya matibabu? Soma kibandiko kwanza

Huenda ukashangaa, msomaji, ni kwa nini daktari anazungumzia plagi na soketi katika ukurasa wa afya. Sababu ni kwamba siku hizi mashine za matibabu haziko hospitalini pekee. Mgonjwa wa pumu ana nebulaiza nyumbani, ile mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta. Mzee anayekatika pumzi usingizini ana mashine ya CPAP inayomsukumia hewa puani usiku kucha. Mama aliyerejea kazini ana pampu ya kukamulia maziwa. Mashine hizi husafiri pamoja na wenyewe, na nyingine huingia humu nchini ndani ya masanduku ya jamaa zetu walio ng'ambo. Hapo ndipo balaa huanzia.

Chukua mfano huu ambao nimeusikia kliniki zaidi ya mara moja. Mtoto ana pumu. Shangazi yake aliye Marekani ananunua nebulaiza huko na kumpa mtu anayekuja Nairobi. Mashine inafika ikiwa na plagi ya pini mbili bapa, ambayo haiingii katika soketi zetu. Baba anakwenda Luthuli Avenue, ananunua adapta ya bei nafuu, na sasa plagi inaingia barabara. Usiku mtoto anabanwa na kifua. Mashine inawashwa, inanguruma kuliko kawaida, inatoa harufu ya kuungua, kisha inanyamaza. Ni saa nane za usiku, mtoto anahema, na wazazi wanaanza kutafuta gari.

Adapta ile haikuwa mbovu. Kazi ya adapta ni kubadilisha umbo la plagi tu, nguvu ya umeme haiigusi hata kidogo. Umeme wa nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Wa Marekani ni volti 120. Ukichomeka kifaa cha Marekani katika soketi ya Kenya, umekipa msukumo maradufu, na kwa kuwa msukumo ukiongezeka mkondo nao huongezeka, kifaa cha kutoa joto hutoa joto mara 4 ya kile kilichokusudiwa. Pampu yenye mota huungua.

Kinyume chake ni hatari isiyopiga kelele. Peleka nebulaiza yako ya Kenya huko Marekani, ichomeke kwa adapta, na haitaungua. Itajikongoja tu, au ikatae kuwaka. Ikijikongoja itatoa ukungu hafifu, na mzazi atakaa na barakoa usoni pa mtoto kwa dakika 15 akiamini kwamba dawa inaingia, ilhali sehemu kubwa ingali kikombeni. Mimi huona hili kuwa baya zaidi kuliko mashine kuungua, kwa maana mashine iliyokufa angalau humfanya mtu akimbilie hospitali.

Basi kabla ya kununua chochote, geuza mashine yako uangalie kibandiko kilicho chini yake au mgongoni. Kama ina chaja ya pembeni, soma maandishi yaliyo kwenye chaja. Ukikuta 100-240V na 50/60Hz, shukuru Mungu, kwani mashine hiyo hujirekebisha yenyewe na unachohitaji ni adapta tu. Chaja nyingi za simu na karibu mashine zote za CPAP zinazouzwa siku hizi ziko hivyo. Ukikuta nambari moja tu, mathalani 120V au 230V, hiyo imefungwa na umeme wa aina moja, na hapo adapta peke yake ni mtego.

Pia tazama ile nambari ya pili. Umeme wetu hutetema mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, na wa Marekani hezi 60. Kwa taa au pasi jambo hili halina uzito. Lakini pampu nyingi za nebulaiza za mezani zina mota inayofuata mitetemo hiyo. Mota ya hezi 60 ikiletwa Kenya huenda polepole zaidi na kupata joto zaidi, hata kama volti zimerekebishwa. Transfoma ya dukani hupunguza au kuongeza volti. Haibadilishi hezi.

Dukani utaonyeshwa vitu viwili vinavyofanana kwa jina. Kimoja ni konvata nyepesi inayotosha kiganjani, ambayo pengine imeandikwa kwamba inabeba wati 1,500 au zaidi. Usivutwe na nambari hiyo kubwa. Konvata ya aina hii hukatakata wimbi la umeme, na imetengenezewa vifaa sahili vya joto, kama birika dogo au kikausha nywele, kwa dakika chache. Usiitumie kwa nebulaiza, CPAP, pampu ya maziwa, wala kitu chochote chenye mota au kompyuta ndani yake. Kile cha pili ni transfoma halisi ya chuma na nyaya za shaba. Utaitambua kwa uzito wake. Hii ndiyo inayofaa mashine ya matibabu iliyokosa namna nyingine.

Ukiichagua, piga hesabu. Kama kibandiko cha mashine hakina wati, zidisha volti kwa ampea: volti 120 kwa ampea 1 ni wati 120. Kisha nunua transfoma yenye uwezo wa angalau mara mbili ya hapo, kwa sababu mota inapoanza huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Hakikisha pia ni ya kupunguza au ya kuongeza kulingana na uendako. Nyingine zina swichi ya kugeuza, na swichi hiyo ikiachwa upande usiofaa umerudi pale pale. Iweke mahali penye hewa, mbali na blanketi na mapazia.

Sasa tuseme ukweli: kwa msafiri wa wiki mbili, transfoma ya kilo kadhaa ni adhabu. Kwa wagonjwa wengi wa pumu, watoto kwa watu wazima, inhela pamoja na spesa, kile chombo cha plastiki kinachowekwa kati ya inhela na mdomo, hufanya kazi sawa na nebulaiza katika shambulio la pumu ambalo si kali mno. Haihitaji umeme wala adapta. Mnamo 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba hata chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa na kuzibwa vizuri pembeni mwa inhela, iliwasaidia watoto waliobanwa sawa na spesa ya dukani. Muulize daktari wako akupangie idadi ya mivuto kabla hujaondoka. Anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo yake ikigeuka buluu, huyo ni wa hospitali, spesa au hakuna spesa.

Kama ni lazima uwe na nebulaiza, nunua ndogo ya betri inayochajiwa kwa chaja ya 100-240V, lakini uliza kwanza kama dawa yako inafaa katika mashine ya aina hiyo, maana si zote zinazofaa. Wenye kisukari nao huniuliza juu ya friji ndogo za umeme za kubebea insulini. Mara nyingi hazihitajiki. Aina nyingi za insulini zikishafunguliwa hukaa takriban wiki 4 mahali penye joto lisilozidi nyuzi 30, na mfuko wa baridi hutosha safarini. Insulini isiende katika mizigo ya chini ya ndege, inaweza kuganda.

Nikiwa bado kwa wenye kisukari: mto wa umeme wa kukanda mgongo au miguu ulioletwa kutoka Marekani usiuchomeke hapa kwa adapta kamwe. Mguu uliokufa ganzi hausikii joto hilo la mara 4, na utakuja kuligundua kwa malengelenge, kisha kidonda kisichopona. Hali kadhalika ile ekstensheni ya Kimarekani yenye kinga ya umeme. Kinga yake imepimwa kwa volti 120, na katika soketi yetu inaweza kulipuka au kushika moto.

Kuhusu nchi uendako, mambo si magumu sana. Uingereza, Falme za Kiarabu na Oman hutumia plagi ya pini tatu za mraba kama yetu na umeme unaokaribiana na wetu. Saudia nayo ina plagi hiyo, lakini umeme wake ni hezi 60, kwa hivyo mwenye kwenda Hija na mashine ya mota asome kibandiko. India, ambako wagonjwa wengi wa Kenya huenda kutibiwa, hutumia volti 230 na pini tatu za duara. Afrika Kusini ni volti 230 na pini tatu kubwa za duara. Sehemu kubwa ya Ulaya bara ni volti 230 na pini mbili za duara. Huko kote adapta hutosha kwa mashine uliyonunua hapa, ila Saudia kwa sababu ya hezi. Tahadhari zaidi ni Marekani na Kanada, na Japani ambako ni volti 100.

Adapta yenyewe ichague kwa macho. Mashine yenye plagi ya pini tatu inahitaji adapta inayoendeleza waya wa ardhini, na nyingi za bei rahisi zinazojiita za dunia nzima huukata. Plagi ikilegea ndani ya adapta, irudishe dukani. Na ule mtindo wetu wa kusukuma kalamu katika tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, uache. Pini hukaa bila kushikwa sawasawa, hutoa cheche, na plagi za namna hiyo hazina fyuzi ya kukulinda.

Beba mashine na dawa zake mkononi, tangi la maji la CPAP likiwa tupu, pamoja na barua ya daktari. Ukifika, usingoje usiku wa shambulio. Siku ile ile ya kwanza, mchana, mgonjwa akiwa mzima, chomeka mashine na uiache ifanye kazi kwa dakika 10. Sikiliza sauti yake, tazama ukungu kama ni ule unaoujua, gusa plagi na transfoma. Vuguvugu si neno. Ikiwa huwezi kuacha kiganja juu yake, au ukasikia harufu ya plastiki, zima soketi na uende ukatafute duka la dawa lililo karibu mapema, kabla halijafungwa.